Shati la Makumbi

Siku ile tulikuwapo watu saba. Mimi. Mdogo wangu wa kike anayenifuata. Kitinda mimba wetu, ambaye habari yote hii ni yake. Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya, aliyekuja kutoka Magarini na kuku mzima ndani ya kikapu. Mjomba, ndugu ya mama, kibarua wa chumvi kule Gongoni. Bi Mkubwa, mwenye nyumba yetu pale Shella. Na fundi wa kukata kilimi, mzee wa kanzu iliyopigwa pasi, aliyeuweka mkoba wake juu ya kiti peke yake kana kwamba nao ni mgeni. Baba na mama hawakuwapo. Baba alianguka kutoka juu ya mnazi akigema, mama akiwa na mimba ya huyu mtoto, na mama naye akatuacha mtoto alipokuwa anajifunza kusimama. Mimi nikatoka shule kabla ya kumaliza darasa la sita. Mtu wa kufua, kupika na kubeba alihitajika, na mkubwa nilikuwa mimi.

Fundi alikuwa ameitwa kwa sababu ya pumzi. Kitinda mimba wetu akiwa macho alipumua kama watu wote, lakini akilala alikoroma kuliko mtu mzima, kisha kukoroma kukakatika. Kifua kilipanda na kushuka, tumbo likavutika ndani, na hewa haikuingia. Kimya hicho kilikuwa kirefu kiasi cha mtu kuacha anachofanya. Halafu mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa nguvu kama mzamiaji anayeibuka, akageuka, akaanza upya. Tuliogopa kwamba siku moja itakatika isirudi.

Tulikuwa tumehamia Malindi baada ya mama kuzikwa. Nilipata kazi ya kufua nguo katika nyumba za Shella, na katika nyumba mojawapo ndipo nilipomkuta Bi Mkubwa. Watu wake walitoka visiwa vya kaskazini. Alikuwa mjane, watoto wake wamekwenda kutafuta maisha, naye alishinda ukumbini akishona kofia za vito, zile ambazo kila tundu dogo huzungushiwa uzi kwa mkono. Aliponiona nafua huku mtoto nimemfunga mgongoni na mdogo wangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliuliza tunalala wapi. Nilipomwambia, akasema chumba cha uani kiko wazi na panya wamekizoea mno. Tukahamia siku hiyohiyo.

Kitinda mimba alikuwa mdogo kuliko umri wake. Kichwa chake kilikuwa kidogo, macho membamba kama ya mtu anayetaka kucheka, na pale kati ya pua na mdomo, ambapo wengine wana kijifereji, kwake palikuwa laini, hapana alama. Maneno yalimjia polepole. Ukimtuma chumvi alirudi na furaha tu. Lakini salamu aliijua. Alimpa shikamoo kila aliyepita, kisha akampa tena mtu yuleyule akirudi, na watu wakiisha aliwageukia mbuzi. Jirani mmoja alisema katika mtaa wetu hakuna mbuzi aliyekosewa heshima.

Asubuhi ndiyo ilikuwa ngumu. Aliamka amechoka kuliko alivyolala, akashika kichwa, akalia bila sababu, na mara nyingi alisinzia kikombe cha chai kikiwa mkononi. Mjomba alipokuja kututazama alicheka. "Lori la chumvi limepanda kilima," alisema, akiiga mngurumo wa gia, na sisi tulicheka naye. Kwetu mtoto anayekoroma ni mtoto aliyeshiba.

Bi Mkubwa hakucheka. Mchana, nilipokwenda kufua, mtoto alilala karibu yake juu ya mkeka, naye akishona. Siku moja nilirudi mapema nikasimama mlangoni bila yeye kuniona, nikagundua kwamba sindano yake inakwenda na pumzi ya mtoto. Mtoto akikoroma, sindano inaingia na kutoka. Pumzi ikikatika, sindano inasimama hewani. Alikaa hivyo, uso umeinama, mpaka mtoto akashtuka na kuvuta hewa, ndipo uzi ukapita tundu. Sikujua kwamba mtu asiye wa damu yetu anaweza kumsikiliza mtoto wetu namna ile.

Yeye ndiye aliyesema ni kilimi. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, alisema, kikirefuka kinaziba njia. Mtoto anakohoa, anatapika, hanenepi, na usingizi wake unakuwa wa vita. Wanawe wote walikatwa kilimi wakiwa wachanga, na wajukuu pia, na yeye mwenyewe kabla ya hao. Kwa watu wake hilo halikuwa jambo la kuulizwa. Kwetu sisi lilikuwa geni kidogo, lakini aliyelisema ni yule aliyesimamisha sindano, na mimi ningeuamini ushauri wake hata angeniambia nimpeleke mtoto mwezini. Niliogopa damu. Ule ukimya niliuogopa zaidi.

Nikamwita hawe, kwa kuwa mtoto wa binti yake hakatwi popote bila yeye kujua. Alifika na kuku wake, akakaa karibu na Bi Mkubwa, wakaulizana hali za watu wote, walio hai na waliokwenda. Mjomba alikuja kumshika mtoto. Fundi akaja wa mwisho.

Alikuwa mtu mwenye adabu na mkono mwepesi, na sikuwahi kusikia mtu aliyemlaumu. Alimwomba mtoto afungue mdomo. Mtoto akampa shikamoo. Fundi akaitikia marahaba. Mtoto akaona mambo yamekwenda vizuri, akampa nyingine, na fundi akaitikia tena kwa subira, akipenyeza kijiko juu ya ulimi. Akasema amekiona kilimi, na kweli ni kirefu. Akaomba maji ya moto, akaanza kufungua mkoba.

Wakati maji yanachemka mtoto alilala. Ndivyo alivyokuwa, usingizi ulimkamata popote, katikati ya mchezo, kwa sababu hakuwahi kuupata wa kutosha. Alianguka chali juu ya mkeka, mkono mmoja ukishika pindo la kanga ya hawe. Fundi akasema ni heri, atashikwa kabla hajajua. Mjomba akapiga magoti.

"Ngoja kidogo," alisema Bi Mkubwa.

Mtoto alikuwa anakoroma. Kisha akanyamaza. Sote tulitazama tumbo lake likivutika chini ya mbavu. Bi Mkubwa akainama, akapitisha mkono chini ya bega lake, akamgeuza ubavu, uso ukielekea mlangoni. Hewa ikaingia. Haikuingia kwa kishindo. Iliingia tu, kama inavyoingia kwa mtoto yeyote. Akamwacha apumue, kisha akamrudisha chali. Pumzi ikafungwa. Akamgeuza ubavu. Ikafunguka. Alirudia tena, na safari hii mjomba, ambaye tayari alikuwa ameandaa utani wa lori, aliumeza akakaa chini.

"Fundi," alisema Bi Mkubwa, "kilimi kikiwa kirefu, mtu akilala ubavu kinafupika?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu. "Hakifupiki."

"Basi mbona njia inafunguka?"

"Hilo sijui, Bi Mkubwa. Mimi najua kukata."

Bi Mkubwa alimfunika mtoto miguu. Nilidhani atasema tungoje, au tufikiri, neno la kumwezesha mtu mzima kutoka mahali bila kuonekana anatoka. Alikuwa amewaambia majirani wote kwamba leo mtoto atapona. Lakini alimgeukia fundi mbele yetu sote akasema, "Mimi ndiye niliyekuita, na mimi ndiye ninayekurudisha. Nimekosea. Kaa ule kwanza."

Fundi alisema taratibu kwamba mtaa utamcheka kwa kurudishwa bila kukata. Bi Mkubwa akamjibu kwamba aliyemwita ndiye mtaa utakayemcheka kwanza, atahakikisha. Hawe, ambaye muda wote alikuwa akimtazama mwanamke mwenzake, alinyanyuka, akachukua kikapu, akamkabidhi fundi kuku. Fundi akatoka naye uani, akamchinja kwa kisu cha jikoni na jina la Mungu, na mjomba akapata utani wake hatimaye. "Basi fundi hakuondoka bila kukata." Hata fundi alicheka. Tulikula wali pamoja, mtoto akiwa amelala ubavu kati yetu, anapumua.

Na mtaa ulicheka kweli. Kwa muda wanawake waliopita ukumbini walimwita daktari wetu, wakamwomba awageuze ubavu na wao, migongo inawauma. Aliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kofia, "Nilimwitia mtoto kisu, nashukuru hamkucheka siku hiyo." Alisema hivyo kwa kila aliyeuliza. Nimeishi na watu wazima wengi waliojua mengi. Sikumbuki mwingine aliyelirudisha neno lake hadharani kwa sauti ileile aliyolitolea.

Tulikwenda hospitali ya Kilifi, mimi na yeye na mtoto. Benchi lilikuwa refu na mtoto akalala. Zamu yetu ilipofika nilitaka kumwamsha, Bi Mkubwa akanizuia mkono. Akamwingiza amelala begani, akamlaza chali juu ya kitanda cha daktari, akasema, "Hatuna maneno mengi. Msikilize."

Daktari alikuwa kijana wa bara, Kiswahili chake kifupi na cha haraka, lakini masikio alikuwa nayo. Alisikiliza kukoroma, akasikiliza kimya, akashuhudia tumbo likivutika, na Bi Mkubwa akamgeuza mtoto ubavu ili asikie na hilo. Alimpima kichwa, akamtazama uso kwa muda, akapitisha kidole pale chini ya pua palipokuwa laini. Alitueleza kwamba taya la mtoto ni dogo na uso wake wa katikati haukukua sawasawa, kwa hiyo njia ya hewa ni nyembamba tangu alipozaliwa. Juu ya hayo mafindofindo yake, zile nyama mbili za pembeni mwa koo, ni makubwa. Akilala chali ulimi unarudi nyuma na kila kitu kinakutana. Ndipo akaniuliza kama mama alikuwa anakunywa pombe.

Nilisema hapana. Nilisema kweli kama nilivyoijua. Mama hakuwa mlevi, hakuwahi kuyumba njiani, hakuwahi kukaa mangweni, kule kwenye vilabu vya pombe, na wanaume.

"Na mnazi?" aliuliza.

Mnazi, ile pombe ya kugemwa, ndiyo. Kwetu mwanamke mwenye mimba alipewa mnazi wa asubuhi, unaposhuka mtini bado mtamu, ili apate nguvu na baadaye maziwa. Hawe ndiye aliyekuwa akimmiminia mama, ndani ya kifuu kilichokwanguliwa kikang'aa, na alimmiminia kwa mapenzi kama mtu anavyomwekea mwanawe kipande kizuri cha samaki. Lakini mnazi haungoji. Wa asubuhi ukifika adhuhuri umeshakuwa mkali, na mama alikunywa asubuhi na baada ya asubuhi. Baba alipoanguka, wanawake waliokuja matangani walimpa zaidi ili apate kulala. Alilala. Sote tulifurahi kwamba amelala. Haya yote nilimweleza daktari nikitazama sakafu, kwa sababu karibu yangu alikaa mwanamke ambaye nyumbani kwake mnazi haukuwahi kuvuka kizingiti, na ambaye kwa dini yake hata kuubeba ni haramu. Nilingoja anyanyuke.

Daktari alisema kwamba kile kinacholevya ndani ya mnazi kinamfikia mtoto tumboni, na mtoto hana namna ya kukitema. Alisema jambo hili bado watu wengi hawalijui, hata katika hospitali. Uso, kichwa, udogo, maneno ya polepole, na sehemu ya shida ya pumzi vilitoka huko, na vingine havitaondoka. Pumzi lakini inaweza kusaidiwa.

Nilihisi mkono wa Bi Mkubwa juu ya wangu. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa sindano.

"Alipewa na waliompenda, mwanangu," alisema. "Mimi juzi nilileta kisu."

Siku nyingine hakulirudia neno hilo. Daktari akaandika karatasi ya kutupeleka Mombasa.

Tulivuka feri ya Kilifi, mtoto akiipa feri shikamoo, na baharia mmoja akaitikia kwa niaba yake. Mombasa walimtoa mafindofindo. Usingizi wake wa kwanza ulio wake mwenyewe, baada ya dawa kumwisha, ulikuja mchana, katika wodi yenye watoto wanaolia. Nilikaa nikingoja akorome. Hakukoroma. Nikaogopa kuliko siku zote, maana mimi kimya nilikijua kuwa ni kile kimoja tu, na nikaanza kumtikisa. Bi Mkubwa akanishika, akaweka mgongo wa mkono wake mbele ya pua ya mtoto, kisha akauchukua mkono wangu akauweka hapohapo. Palikuwa na joto, likija na kuondoka.

"Hivi ndivyo watoto wanavyolala," alisema.

Sikuwa najua. Mtoto huyu nilimlea, na sikuwa najua.

Haikwisha yote. Akipata mafua, au akijisahau akalala chali, njia ilijikunja tena, na daktari alikuwa amesema ubavu uwe ndio mlalo wake wa maisha. Lakini utamwambiaje ubavu mtoto ambaye ukimwambia chumvi anasahau? Bi Mkubwa aliacha kofia aliyokuwa nayo, na kofia zile zilikuwa riziki yake, akachukua makumbi ya nazi, akayaloweka, akayachambua mpaka yakawa laini, akayafinyanga bonge la ukubwa wa ngumi. Akalishona ndani ya mfuko mgongoni mwa shati la mtoto, katikati ya mabega. Akilala chali bonge linamsumbua, anageuka mwenyewe, usingizini, bila kuamshwa na mtu.

Mtoto alilipenda shati kiasi cha kulivaa mchana. Watoto wa mtaani wakamwita ng'ombe wa nundu. Yeye aliona ni cheo. Alitembea Shella nzima akilia kama ng'ombe, na walipochoka kumtania wakaanza kuwaomba mama zao mashati ya nundu. Asubuhi akawa anakunywa chai yake mpaka chini. Akaanza kukumbuka chumvi, si kila mara, lakini mara nyingi kiasi cha sisi kuitegemea.

Palibaki hawe. Nilimwomba Bi Mkubwa aje amweleze, kwa kuwa maneno yake yana uzito. Alikataa. "Mkubwa wa watoto hawa ni wewe," alisema. Nikaenda Magarini peke yangu, nikamsaidia hawe kupukuchua mahindi mpaka mikono yote miwili ikawa na kazi, nikamweleza. Aliendelea kupukuchua kwa muda mrefu.

"Nilimpa mimi," alisema.

Nikamwambia alimpa kwa kumpenda. Akachukua hindi jingine. Lakini mwaka huohuo mke wa mjomba alikuwa na mimba, na wanawake wa boma walipomletea kifuu cha asubuhi, hawe alitoka nyumbani kwake, akakipokea, akaumwaga mnazi mchangani mbele yao. "Mimi ndiye niliyewafundisha kumpa," alisema, "na mimi ndiye ninayewakataza." Nilikuwa nimesimama pale. Niliyatambua maneno yale. Alikuwa ameyasikia siku ya kuku. Walimnung'unikia sana, maana alikuwa amewamiminia wengi wao. Alikaa nao hivyohivyo, akimpasulia mke wa mjomba dafu kila asubuhi.

Baadaye mwana mmoja wa Bi Mkubwa alikuja kumchukua arudi kisiwani, azeeke kwenye nyumba ya wazazi wake. Chumba cha uani alituachia. Siku ya kuondoka nilijaribu kumshukuru, na kwa kuwa nilikuwa nimeyapanga maneno, yakapotea. Akaniambia nisishukuru, kwa sababu ananidai. Nikauliza ananidai nini.

"Akikua aje kwangu alale," alisema. "Nimsikie."

Mtoto sasa amekua. Ana mbuzi wake, anawasalimu kwa zamu, na anaandika jina lake herufi zikiwa kubwa kubwa. Shati limebadilika mara nyingi. Bonge ni lilelile, nalihamisha kutoka shati hadi shati. Mdogo wangu ameolewa na ana mimba, na dafu namchagulia mimi. Kila anayeshuka kutoka kisiwani analeta salamu za Bi Mkubwa na swali moja, yule wangu analalaje, na mimi najibu kupitia kwa watu. Kila mwaka nasema tutakwenda, kisha kazi inashika, au mvua, au mtoto anapata mafua na sitaki amsikie na mafua. Wa mwisho kuja aliniambia kwamba macho ya Bi Mkubwa bado yanaona tundu la kofia, ila masikio ndiyo yanaanza kumwacha. Sasa ukimwita inabidi umkaribie.

Nimeshona shati jipya. Makumbi nimeyachambua upya, kwa mara ya kwanza, kwa mkono wangu. Bado mtoto hajaenda kulala kwa Bi Mkubwa.